Mwanza na Dar es Salaam: Saa Moja na Nusu Angani, Saa Sita Hadi Makaburini

Simu iliita saa 12 na robo asubuhi, mwezi wa Juni, wakati baadhi yetu tulikuwa bado msikitini tukimalizia nyiradi za Alfajiri. Mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza aliipokea, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji‘uun. Dada yake wa tumbo moja alikuwa amefariki usiku huo huko Mbagala, Dar es Salaam. Mpwa wake, aliyekuwa upande wa pili wa simu, alisema maiti ingeoshwa asubuhi na kuzikwa baada ya Adhuhuri. Mzee akamwomba amngojee. Sisi tuliokuwa pembeni, tena kwa nia njema kabisa, tukamsaidia kuomba. Tukasema kwa sauti iliyofika hadi Mbagala: ndege ni saa moja na nusu tu, mngojeeni, leo hii atafika.

Kauli ile tuliyoitoa bila kufikiri ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Haikuwa uongo, kwani ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hukaa angani kadiri ya saa moja na nusu, na zile za panga-boi huzidi kidogo. Lakini mzee wetu hakuwa anaishi uwanja wa ndege wa Mwanza, wala dada yake hakufia kwenye uwanja wa Julius Nyerere. Alikuwa Buzuruga, na yeye marehemu Mbagala.

Tuanze na masafa yenyewe, maana hata hayo watu huyachanganya. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka ndege, kati ya Mwanza na Dar es Salaam kuna kilomita 850 hivi. Mstari huo hukata nchi kuelekea kusini-mashariki, na nusu ya njia yake huangukia jirani na Kondoa. Barabara haipiti huko. Basi linalotoka Mwanza hushuka Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze ndipo liingie Dar es Salaam, na jumla yake ni kama kilomita 1,150. Reli ni ndefu zaidi, kwa sababu hupinda hadi Tabora: zaidi ya kilomita 1,200. Basi anayesema Dar ni kilomita 850 na anayesema ni 1,150 wote wawili wamesema kweli, ila mmoja anazungumza habari za mwenye mbawa.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kubishana kuhusu hesabu hizi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi pwani ya ziwa letu, ambayo pamoja na bidhaa ilileta pia Uislamu, ilihesabiwa kwa miezi. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, safari ya kwenda Dar es Salaam ikawa ya siku. Kisha ikaja ndege mapema kuliko wengi wanavyodhani: tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia hiyo, kabla haijaendelezwa hadi Cape Town, ulikuwa hapa Mwanza. Mji huu, ambao leo tunaulizana kama tiketi ya kwenda Dar itapatikana, uliwahi kuwa kituo cha mwisho cha ndege ya Ulaya. Hata hivyo abiria wa ndege ile hawakuwa babu zetu, na msiba wa Mbagala wa wakati huo, kama ulifika Buzuruga, ulifika kwa barua.

Katika enzi ya barua hakuna aliyesema "mngojeeni". Habari ilifika, watu wakakaa matanga, wakamwombea marehemu, na kama ipo haja mmoja akasafiri kwenda kuwaona wafiwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa simu hufika kwa dakika moja, nasi tunadhani miguu nayo itafika kwa dakika moja.

Turudi kwa mzee. Baada ya simu ile, vijana walianza kutafuta tiketi. Safari ya asubuhi ilikuwa imejaa. Ilipatikana nafasi katika ndege ya saa 6 na nusu mchana, kwa nauli ambayo hatutaitaja ila tutasema kwamba anayenunua tiketi siku ya safari hawezi kulipa sawa na aliyenunua mwezi mmoja kabla. Msikiti ulichangishana. Mpwa akapigiwa tena, akakubali kuahirisha mazishi hadi Alasiri, na kwa kweli alikubali kwa uzito, kwa sababu maiti ilikuwa nyumbani, imeshaoshwa na kukafiniwa, na joto la Dar es Salaam kila mtu analijua.

Mzee aliondoka nyumbani saa 4 asubuhi. Kutoka Buzuruga hadi uwanja wa ndege ulioko upande wa Ilemela si mbali, lakini upite mjini au uzunguke, magari ni yale yale, na mwenye busara hujiwekea saa nzima. Abiria hutakiwa awahi kabla ya kaunta kufungwa. Akawahi. Ndege ikachelewa. Si kwa muda wa kuandikiwa habari, ni dakika 40 tu, jambo la kawaida kwa yeyote anayesafiri. Iliruka saa 7 na dakika 10. Ikatua saa 8 na dakika 40, saa moja na nusu kamili, kama tulivyoahidi. Hadi anatoka nje ya jengo ilikuwa karibu saa 9. Kutoka hapo hadi Mbagala, katika msongamano wa mchana, gari lilitumia saa moja na dakika 25.

Alifika msikitini saa 10 na dakika 20, akiwa na hakika kwamba amewahi. Alikuwa amejihesabia hivi: kwetu Mwanza mwezi wa Juni Alasiri huingia kama saa 10 na dakika 10, watu wataswali na robo saa, halafu ndiyo swala ya jeneza. Msikiti aliukuta hauna watu. Jeneza lilikuwa limekwisha kuondoka. Alipofikishwa makaburini, vijana walikuwa wanasawazisha udongo.

Mpwa wake hakumvunjia ahadi. Alasiri ya Mbagala ilikuwa imeadhiniwa saa 9 na dakika 45, wakaswali saa 10, wakamswalia marehemu, wakamchukua. Ni kwamba jua la Dar es Salaam si la Mwanza.

Jambo hili linahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu familia nyingi zenye ndugu pande zote mbili hupigiana simu kana kwamba saa ya ukutani ndiyo jua. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini jua huchomoza mashariki na kutembea kuelekea magharibi, nalo hutumia dakika nne kwa kila digrii moja ya longitudo. Dar es Salaam iko kwenye digrii 39 na ushei, Mwanza iko karibu na digrii 33. Tofauti ni digrii sita na robo. Zidisha kwa nne: dakika 25. Ndiyo maana jua likipinduka Dar es Salaam na mwadhini wa Kariakoo akiadhini Adhuhuri, sisi wa Buzuruga tunabakiwa na dakika 25 nzima.

Kwa Adhuhuri tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima. Kwa Magharibi na kwa kuchomoza kwa jua hubadilika, kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini zaidi na urefu wa mchana wake hupanda na kushuka zaidi kuliko wetu. Mwezi wa Juni jua huzama Dar dakika 33 hivi kabla ya Mwanza. Mwezi wa Desemba tofauti hupungua hadi 17 hivi. Mwenye kutaka kuhakikisha aweke ratiba mbili za swala pamoja, ya huko na ya hapa, aone mwenyewe.

Mzee hakuyajua haya, na sisi tuliosoma hatukumwambia. Aliswali swala ya jeneza pale pale kaburini, jambo linaloruhusiwa kwa aliyekosa, kwani Mtume (s.a.w.) aliwahi kumswalia kaburini aliyezikwa bila yeye kujulishwa. Kisha, kwa uchungu, akasema neno ambalo hakupaswa kulisema mbele ya watu: kwamba amefukuzwa kwenye mazishi ya dada yake. Mpwa akajibu, "Mjomba, tumekungoja Adhuhuri ikapita, mama amelala sebuleni tangu asubuhi. Tungengoja mpaka lini?" Waliokuwepo wanasema kijana alikuwa analia. Wakaachana hivyo. Mzee alirudi Mwanza siku ya pili bila kukaa siku tatu za msiba, na kwa miezi minne hawakupigiana simu.

Hapa ndipo sisi wa kamati tulipojiona tuna deni.

Mafundisho ya dini katika jambo hili yako wazi. Tumeagizwa kuharakisha jeneza. Kama marehemu alikuwa mwema, tunamtanguliza kwenye heri, na kama hakuwa hivyo, tunaitua shari mabegani. Wanazuoni wameruhusu kungoja kidogo kwa ajili ya walii au watu wa karibu, maadamu maiti haiogopewi kuharibika. Neno lenyewe ni "kidogo". Ama kuisafirisha maiti kutoka mji mmoja hadi mwingine, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, wapo walioharamisha na wapo waliochukiza, isipokuwa kwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Kila mwaka hata hivyo tunaulizwa kama maiti iletwe Mwanza kwa ndege "kwa kuwa ni saa moja na nusu". Maiti haisafiri kama abiria. Huhitaji kibali, sanduku, nafasi ya mizigo katika ndege, na gari la kuipokea. Hadi hayo yatimie, siku imepita au mbili. Jibu letu limekuwa moja: azikwe alipofia, na sisi tumswalie hapa swala ya ghaibu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomswalia Najashi akiwa Madina na yeye yuko Uhabeshi.

Kinachobaki ni hesabu, na hesabu hii kila familia inaweza kuifanya kabla ya msiba. Kutoka Buzuruga hadi uwanjani, saa moja. Kufika mapema na kungoja, saa mbili. Angani, moja na nusu. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi nyumba ya msiba, kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kutegemea kama ni Temeke, Mbagala, au huko Tegeta na Bunju. Jumla ni saa tano hadi sita tangu kufunga mlango wa nyumba, na hapo tumeshapata tiketi ya ndege inayoondoka mapema, nayo haijachelewa. Kati ya simu na kufunga mlango kuna muda mwingine ambao haumo katika hesabu hii. Mzee wetu ulimchukua karibu saa nne.

Kwa hiyo aliyefiwa baada ya Alfajiri akiwa Mwanza, na akapata ndege ya asubuhi, anaweza kuwahi Alasiri ya Dar es Salaam. Adhuhuri asiiombe. Aliyepata habari mchana asiombe chochote. Awaambie wazike, naye aende kwa taratibu.

Kwa taratibu maana yake ni basi, na basi si jambo la kudharauliwa. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa ambayo basi la abiria halipaswi kuizidi, kilomita 1,150 ni zaidi ya saa 14 bila kusimama hata kwa maji, na basi husimama. Anayetoka alfajiri hufika usiku. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, mtu anaweza pia kuondoka jioni na kufika siku ya pili mchana. Nauli ya ndege ya mtu mmoja siku ya msiba huweza kulipa nauli za mabasi kwa familia nzima. Tunasema hivi kwa sababu tumeona, si mara moja, mchango wa msiba ukiisha kwenye tiketi tatu za ndege huku mjane na mayatima wakibaki na sinia la wali wa jirani. Rai yetu ni kwamba anayepanda ndege awe mmoja, mwenye haki ya karibu zaidi, na waliobaki wafuate kwa basi, wawahi siku ya tatu. (Kama siku hiyo itasomwa hitima au haitasomwa, wenyewe mnajuana, kamati hii ina watu wa pande zote mbili na tumekubaliana kutoligusa hilo gazetini.)

Reli mpya ya kisasa imeshafika Dodoma, na safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi huko zilianza mwaka 2024. Kipande cha kwetu, Mwanza hadi Isaka, kitakapounganishwa na vingine hesabu hii itabidi iandikwe upya. Kwa ndugu zetu wa Sengerema na Geita imeshabadilika tayari: tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hawangoji tena kivuko ili waje kupandia ndege Mwanza.

Tumeulizwa pia kuhusu swala ya msafiri, kwa kuwa siku ile mzee aliswali Adhuhuri uwanjani na baadhi ya waliomsindikiza wakabishana. Masafa ya kupunguza swala, kwa wanazuoni wengi, ni kati ya kilomita 80 na 90. Ndege huyamaliza kwa dakika sita au saba, na bado ruhusa ipo, kwa sababu kinachopimwa ni masafa, si uchovu. Lakini ruhusa huanza mtu anapoyaacha majengo ya mji wake. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ndani ya Ilemela, na Buzuruga iko Ilemela, nyumba zimeshikana. Mkazi wa hapa akiswali uwanjani kabla ya kupanda, huswali rakaa nne. Mzee aliswali nne, na alipatia. Angeweza pia kuichelewesha akaiunganisha na Alasiri akiwa ameshakuwa msafiri. Akifika Dar es Salaam kwa msiba wa siku tatu, huendelea kupunguza, kwa kuwa hakunuia kukaa siku nne kamili. Na aelekee kaskazini hasa: Qibla cha Dar es Salaam ni kaskazini karibu iliyonyooka, wakati cha Mwanza huinamia mashariki kwa kadiri ya digrii 15. Tumemwona zaidi ya mgeni mmoja wa kutoka pwani akiswali chumbani Buzuruga kwa kukisia Qibla cha kwao.

Alfajiri haipunguzwi wala haiunganishwi. Basi linaloondoka Mwanza saa 11 alfajiri huondoka kabla wakati haujaingia, na abiria asiyemwomba dereva mapema asimame njiani atachomokewa na jua akiwa kitini.

Mwezi wa Ramadhani ndege huleta suala jingine, nalo limezaliwa na zile dakika 25. Aliyefunga akapanda ndege jioni kutoka Dar kuja Mwanza huwa analifuata jua. Saa yake itaonyesha kwamba Dar es Salaam wamekwisha futuru, na yeye dirishani bado analiona. Tena akiwa juu mita 10,000 huliona dakika 12 au 13 zaidi ya aliye chini yake, kwa sababu upeo wa macho uko mbali. Asifungue kwa saa ya Dar. Afungue jua likizama machoni pake hapo alipo. Lakini aliyefuturu uwanjani Dar es Salaam baada ya jua kuzama, kisha ndege ikapanda na jua likaonekana tena, funga yake imeshatimia, asisumbuke. Na anayesafiri kinyume, kutoka Mwanza kwenda Dar, hulipa jua kisogo. Siku yake huwa fupi, na hana dhambi.

Baada ya ugomvi ule, tuliandika ukurasa mmoja wenye hesabu hizi na kuubandika kwenye ubao wa matangazo: saa za kila hatua, tofauti ya Adhuhuri na Magharibi, na mstari mmoja kwa wino mwekundu unaomtaka mwenye msiba amuulize aliye Dar saa ya swala kwa tarakimu, asiridhike na neno "baada ya Alasiri". Mzee aliusoma akiwa amesimama, hakusema kitu.

Mwezi wa Oktoba aliondoka. Hakuomba mchango. Alipanda basi la jioni, akafika Mbagala siku ya pili mchana, na mpwa wake akampokea stendi ya Mbezi. Walikwenda kaburini wote wawili. Alikaa huko wiki nzima, na aliporudi alituletea karatasi iliyokunjwa yenye maandishi ya kijana yule. Ilisema: "Waambieni kamati, uwanjani hadi kwetu siku ya mvua ni saa mbili, si moja na nusu." Tumeshasahihisha.